Skrini Nyeusi ya Mwalimu Barasa

Meza ya dirishani sasa ni ya yeyote atakayewahi kuikalia. Darubini nimeiacha, kibanio cha kusomea chipu nimekiacha, na ule mswaki wa meno wa kusafishia bodi nimeuacha pia, ingawa ningewashauri mnunue mwingine. Watu wananicheka kwamba mtu hawezi kustaafu kabla nywele hazijageuka mvi. Mimi naona nimekaa chini ya mabati yale muda wa kutosha. Miguu inataka barabara. Na macho, ambayo zamani yalisoma maandishi ya chipu bila msaada, siku hizi yanataka taa, kioo na subira.

Kibet ndiye aliyesema niandike. Kwa wale mtakaokuja baadaye, Kibet ndiye mwenye duka, na mikono yake ni mizuri kuliko yangu. "Andika, Fundi," alisema. "Hawa vijana mtu akiongea wanaangalia simu. Labda wakisoma." Sina hakika kwamba mtasoma, lakini aliniomba mbele ya watu, nami nikakubali mbele ya watu.

Niliingia kazini nikitoka kidato cha nne, kwa Mzee Wekesa, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko hapa Eldoret. Stima ilipopotea, na ilipotea mara nyingi, tulipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, lile lile la chai. Nilitegemea siku ya kwanza nipewe bisibisi. Nilipewa kigoda na redio iliyowashwa.

"Funga macho," Mzee akasema. "Inasema nini?"

"Inakwaruza, Mzee."

"Hata mteja amesema inakwaruza. Wewe fundi unasema nini?"

Nilisikiliza redio mbovu kwa siku kadhaa, macho yamefungwa, wapita njia wakiniuliza kama ninaumwa. Baadaye nikaanza kutofautisha: kukwaruza kwa kidude cha kuongezea sauti kilichojaa vumbi, kukwaruza kwa waya uliolegea, kukwaruza kwa spika iliyochanika. Ndipo nikapewa bisibisi, tena ile mbaya.

Siku za soko tulifunga kibanda na kwenda Ziwa au Turbo na mkoba wa vifaa. Turbo kulikuwa na redio za malori. Ziwa kulikuwa na redio za wakulima wa maziwa, na redio ya mkulima wa maziwa inaishi maisha magumu. Inatundikwa kwenye banda la kukamulia kwa sababu ng'ombe ameizoea, na asipoisikia anabana maziwa. Mkulima mmoja alituletea redio yake mara tatu. Inapiga tik, tik, tik, alisema, mpaka ng'ombe anageuka kuangalia. Kwenye kibanda ilikuwa nzima kabisa. Mara ya tatu Mzee hakuifungua. Alimwuliza, "Hii redio kwako inakaa wapi?" Kisha tukafuatana naye hadi nyumbani. Jirani alikuwa ameweka ua wa waya wa stima kuzuia ng'ombe wake, na waya ule ulipita nyuma ya banda. Kila ua ulipopiga, redio ilipiga. Tulihamisha redio upande wa pili wa banda. Ng'ombe akaachia maziwa yake, nasi tukapewa chupa moja.

Nilibaki na swali lile. Mzee alipofunga kibanda na kurudi kwao, mimi nilihangaika: Kitale kidogo, Kapsabet kidogo, tena Eldoret, nikitengeneza redio, kisha simu, kisha laptop, nikikaa mahali mpaka nilipoanza kuzijua sauti za majirani wote, halafu nikifunga mkoba. Kwa Kibet ndiko nilikokaa zaidi, naye ananiambia ni kwa sababu alinipa meza yenye dirisha.

Sasa niwaambie kuhusu moto. Duka lolote la laptop mjini lina ile mashine ya hewa moto tunayoiita blowa, na blowa ina tabia ya kumfanya fundi ajione daktari. Laptop ikikataa kuwaka, unapuliza moto juu ya chipu kubwa, lehemu iliyopasuka chini yake inalainika na kushikana, laptop inawaka, mteja anafurahi. Baada ya muda anarudi, na safari hii hafurahi. Kibet alikuwa bingwa wa moto. Nilipomwuliza kwa nini asitafute ugonjwa kwanza, alisema, "Fundi, wewe uliza maswali, mimi niwashe laptop. Tuone nani atakula lunch mapema." Alikula mapema karibu kila siku.

Zamani ubovu wa memori haukumtisha mtu. Memori ndiyo mahali laptop inaposhikilia kile inachofanya sasa hivi, kama mikono ya mtu anayepanga vyombo. Ilikuwa kipande kidogo kinachochomekwa. Kikisumbua unakitoa, unasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, unakirudisha. Kikikataa unaweka kingine. Halafu zikaja laptop nyembamba, ambazo chipu za memori zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hakuna cha kuchomoa. Chipu moja ikiugua, wengi wanamwambia mteja kwamba bodi imekufa.

Mwalimu Barasa alikuwa na laptop ya aina hiyo. Alikuwa mwalimu wa jiografia kwenye shule yenye wanafunzi wasioona, na yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Laptop yake ilikuwa na programu ya kumsomea kila kitu kwa sauti. Siku aliyokuja nilikuwa kwenye meza yangu. Alipanda ngazi zetu kwa fimbo yake nyeupe, haraka kuliko wateja wengi wanaoona, mkewe Mama Nekesa akiwa nyuma na begi.

"Fundi ni nani hapa?" aliuliza.

"Ni sisi wawili, Mwalimu," nikasema.

"Yule aliyeichoma moto ni yupi?"

Kibet aliweka chini alichokuwa ameshika. Ilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia mimi nikiwa Turbo, Mama Nekesa alileta laptop ile akiwa na haraka ya kwenda hospitali kumwona dada yake. Alisema inakwama, akaiacha. Kibet aliiwasha, skrini ikabaki nyeusi. Akaijaribu tena, nyeusi. Skrini nyeusi na feni inazunguka, kwa fundi yeyote mjini, maana yake ni moja. Akafungua, akapuliza moto kwenye chipu kubwa, akafunga, akabonyeza vitufe hapa na pale, na skrini ikaja. Mama Nekesa alirudi jioni akaichukua.

"Sasa ni mbaya kuliko mwanzo," Mwalimu alisema. "Ilikuwa inachechemea. Siku hizi inaanguka."

"Lakini display ilirudi, Mwalimu," Kibet akasema. "Ilikuwa imekufa kabisa, nikairudisha."

"Display gani?"

"Skrini. Ilikuwa nyeusi."

"Skrini mimi huififisha mpaka mwisho," Mwalimu alisema. "Inakula betri bure. Ya nini?"

Chini barabarani mtu wa mahindi ya kuchoma alikuwa akigombana na mtu wa bodaboda, nasi tukawasikiliza kwa makini. Kibet alikuwa ameponya laptop ugonjwa ambao haikuwa nao, na moto wake ulikuwa umepita karibu na chipu za memori zilizokuwa zinaumwa kweli.

Mama Nekesa ndiye aliyeanza kucheka. "Mimi nilishangaa," alisema. "Nimefika nyumbani nimewasha, naona kumejaa mwangaza. Nikafikiri mmeweka taa mpya."

Mwalimu hakucheka. Akatueleza kilichokuwa ndani. Watahiniwa wake wa jiografia walikuwa wanakaribia mtihani, na mtihani wa jiografia una ramani. Mtoto asiyeona akiambiwa "tazama ramani" anabaki ameketi tu. Mwalimu alikuwa ameandika kila ramani ya somo lile kwa maneno: ukisimama hapa uso ukielekea kaskazini, mto uko mkono wako wa kulia, ardhi inapanda chini ya nyayo zako. Alikuwa ametembea sehemu nyingine mwenyewe, na mtu wa kumwelezea kando yake. Kazi ya miaka, na ilikuwa mle tu. Ilitakiwa kupelekwa kuchapwa kwa nukta za breli kabla ya watahiniwa kuanza marudio. Hakuwa na nakala kwa sababu tangu ianze kuchechemea kila alipojaribu kunakili, laptop ilizima njiani.

Nikamwuliza swali la Mzee Wekesa. "Mwalimu, inazimia wapi?"

Aligeuza uso kunielekea. "Hilo ndilo swali. Kwangu Yamumbi, alfajiri kabla ya chai, inasema vizuri kabisa. Jua likishika mabati inaanza kurudia silabi. Inasema ka-ka-kaskazini. Halafu inameza maneno. Halafu kimya. Darasani mchana haiwaki hata kidogo."

"Na hapa dukani?"

"Hapa kwenu ni kama ndani ya sufuria."

Kwa hiyo ubovu ulikuwa wa joto. Niliifungua. Chipu nane za memori, nne upande huu wa kichakataji, ile chipu kubwa, na nne upande ule. Niliiwekea feni kubwa, na kwa dakika chache ilizokubali kuwaka niliendesha programu ya kupima memori kutoka kwenye flashi. Makosa yote yalitoka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa safi.

Kibet alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia kwake mwenyewe, "Tunaweza kubadilisha hizo nne."

"Unazo?"

"Sina."

"Na ukiwa nazo, ni moto tena, karibu na kichakataji."

Akakubali. Nikamweleza Mwalimu njia niliyoiona. Memori ya kuchomeka hubeba maelezo yake yenyewe: mimi ni kubwa kiasi hiki, nina kasi hii. Ile ya kulehemiwa, maelezo yake hukaa ndani ya programu ya kuwashia, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Programu hiyo huishi kwenye chipu ndogo ya miguu minane kando ya bodi. Na kwa kuwa kampuni hutengeneza bodi moja kwa matoleo kadhaa, mengine yakiwa na memori kamili na mengine nusu, programu ile hubeba maelezo ya yote, na vipingamizi vidogo vya stima kwenye bodi ndivyo vinavyoiambia ichague yapi. Nikiyatoa maelezo ya memori kamili na kuweka ya nusu mahali pake, laptop haitauliza tena habari za ule upande mgonjwa. Itajiona ilizaliwa hivyo.

"Itakuwa nzito," nikamwambia.

"Nzito si kitu. Mimi mwenyewe natembea kwa fimbo. Shida iko wapi? Nasikia kwenye sauti yako kuna shida."

Shida ilikuwa kufuli. Diski yake ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo hata ukiichomoa na kuipeleka kwenye laptop nyingine, unaona takataka tupu. Kufuli ya aina hiyo kila asubuhi hukagua programu ya kuwashia. Ikikuta imebadilishwa, inamchukulia fundi kuwa mwizi na kudai ufunguo wa akiba. Nikamwuliza kama anao.

"Ufunguo gani?"

Laptop ilikuwa ya msaada. Kijana wa mradi alimpangia kila kitu, akamwonyesha vitufe, na mradi ulipokwisha kijana akaenda, Mwalimu hajui wapi. Nywila ya kuingilia alikuwa nayo. Habari za ufunguo wa akiba hakuwahi kuzisikia. Na ule ukurasa wa kudai ufunguo hutokea kabla ya programu ya sauti kuamka. Angeiwasha, ingekaa kimya, naye asingejua hata kama inamwuliza kitu.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Ndani ya laptop yenyewe, ikiwa imewaka na Mwalimu ameingia, kuna amri ya kusimamisha kufuli kwa muda. Kufuli ikisimama, diski inasomeka hata nje, na programu ya kuwashia inaweza kubadilishwa bila ugomvi. Lakini lazima laptop ibaki hai mpaka amri ikamilike, na dukani haikudumu.

Kibet alipendekeza friji ya soda ya jirani. Nikamwambia ikitoka humo itatoa jasho ndani, na maji na bodi havikai pamoja. "Basi Yamumbi," akasema. "Huko ndiko kuna friji ya Mungu."

Nilifika Yamumbi kabla ya jua, kwa miguu, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande na moshi wa majiko ukitambaa chini chini. Mwalimu alikuwa ameiweka laptop kwenye ukuta wa baraza, imefunikwa kwa gunia. Yeye alikuwa amevaa koti na kofia ya sufu na kukaa kando yake kama mlinzi. Tulisalimiana kwa kunong'ona, sijui kwa nini.

Aliiwasha mwenyewe. Skrini ilibaki nyeusi, nami nilikuwa nimekwisha kujifunza. Sauti ikaja, ile sauti ya Kizungu inayosoma Kiswahili kama mgeni aliyefika jana, lakini safi, haina kukwama. Akaandika nywila.

"Sasa twende kwenye kufuli," nikasema.

"Ngoja kwanza."

Alikuwa amefungua faili. Sauti ikaanza kusoma ramani ya bonde, ukisimama ukingoni upepo unakupiga kutoka chini. Aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwalimu."

"Nataka tu kujua iko."

"Iko. Inapata joto."

"Sentensi moja."

Ilimaliza sentensi ile na kuanza nyingine, na kwenye ile ya pili ikasema ma-ma-magharibi. Mwalimu alikuwa mwepesi sana, vidole vyake viliruka, lakini sauti ilimeza neno na ikanyamaza. Feni ikaendelea kuzunguka peke yake.

Tulikaa. Nyuma ya miti ya jirani mwanga ulikuwa umeshakuwa wa rangi ya chai. Mwalimu hakuomba msamaha nami sikumlaumu. Mtu ameandika kitu kwa miaka na hawezi kukiona hata kwenye karatasi. Alisema tu, "Watoto hao hawana kitabu kingine, Fundi."

Tuliirudisha ukutani lakini ukuta wenyewe ulikuwa umeanza kupata uvuguvugu. Nilihesabu kichwani asubuhi zilizobaki. Tangu moto wa Kibet, Mwalimu alisema, kila asubuhi ilikuwa inaishi kidogo kuliko ya jana.

Mama Nekesa alitoka jikoni na vikombe, akatuangalia. "Imekufa?"

"Imepata joto," nikasema.

"Si muipoze kama maziwa."

Alikuwa na ng'ombe wawili, na maziwa ya jioni aliyaweka kwenye kopo la alumini ndani ya karai la maji ya tanki mpaka asubuhi, yasichache kabla ya mtu wa maziwa kupita. Akatoa kopo, akabadilisha maji yale, na juu ya karai akaweka sinia pana la alumini lililogusa maji kwa chini na kubaki kavu kwa juu. Nililigusa. Liliuma vidole kwa baridi. Nilifuta sinia mara mbili, nikaiweka laptop juu yake na kifuniko chake cha chini kikiwa kimefungwa, maana bodi iliyo wazi juu ya chuma ni mazishi. Tukangoja chai ipoe kwenye vikombe, hakuna aliyekunywa.

"Sasa," Mwalimu alisema, "hakuna kusoma."

Akawasha. Sauti ikaja. Nywila. Nilimwambia amri neno kwa neno, naye akaandika, na sauti ikamrudishia kila herufi. Jua lilifika kwenye ukingo wa baraza. Sauti ikarudia silabi moja, nasi wote watatu tukasikia. Mama Nekesa akachota maji kwa kikombe cha chai na kuongeza karaini, polepole, kama anayemwagia mtoto kichwani. Mwalimu akabonyeza kitufe cha mwisho.

Sauti ilisema kwa Kizungu chake kwamba ulinzi umesimamishwa. Mwalimu akaiambia irudie. Ikarudia. Nikamwambia azime, akazima yeye mwenyewe kabla haijajizimia.

"Kunyweni chai basi," Mama Nekesa akasema. "Mimi nataka sinia langu."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya meza. Dukani nilichomoa diski na kuiunga kwenye laptop nyingine, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kunakili ramani zote mahali pawili. Fanyeni hivyo hata mkiwa mnajiamini. Kisha nikachomoa betri, nikabana ile chipu ya miguu minane kwa kibanio na kuisoma. Nikaisoma tena, nikalinganisha. Kusoma mara moja si kusoma. Kibanio kikikaa vibaya unapata uongo unaofanana na ukweli, na ukiuandika juu ya chipu hakuna wa kumlilia. Zikilingana, weka nakala ya awali mahali ambapo hutaigusa.

Niliyapata maelezo ya memori kamili na ya nusu, nikaweka ya nusu mahali pa yale kamili, nikaandika, nikawasha. Feni ilizunguka na hakuna kilichotokea. Kibet alikuja akasimama. Zamani angekuwa ameshawasha blowa.

"Umeangalia jumla?" akauliza.

Alikuwa sahihi. Fungu lile la programu lina namba ya jumla mwishoni, na ukibadilisha kitu ndani bila kuirekebisha, laptop inakataa fungu zima. Nilirudisha nakala ya awali, nikaweka tena maelezo ya nusu, nikarekebisha jumla, nikaandika upya. Ilikaa kimya kitambo, ikijipima, halafu ikawaka ikiwa na memori nusu. Niwatahadharishe: laptop nyingi za siku hizi zina ukaguzi mkali zaidi, na ukigusa programu yake haiwaki tena kwa njia yoyote. Hii ilikuwa ya zamani kidogo, ikakubali. Ulizeni kwanza ni ya aina gani.

Niliirudishia diski na kuiwasha hivyo. Kufuli haikudai ufunguo, nikaliacha jina la Mwalimu likingoja nywila yake. Niliiacha iendelee kupimwa mchana kutwa chini ya mabati, dirisha limefungwa, sisi wenyewe tukitoka jasho. Hakukuwa na kosa hata moja. Kibet alikula lunch akiwa amesimama mbele yake.

Mwalimu alikuja na Mama Nekesa siku iliyofuata. Nilikuwa naitoa laptop kwenye meza Kibet akanizuia kwa mkono. Aliivuta kwake, akabonyeza kitufe cha mwangaza mara nyingi, mpaka skrini ikafifia na kuwa nyeusi kabisa. Ndipo akaiweka mikononi mwa Mwalimu.

"Tayari, Mwalimu. Betri nimeichunga."

Mwalimu akaketi kwenye kigoda cha wateja na kuingia. Ilichukua muda. Alingoja bila wasiwasi, vidole vikiwa juu ya vitufe. Tukamwambia aiamshe tena ile kufuli tuliyoisimamisha, na safari hii atoe ufunguo wa akiba. Mama Nekesa aliuandika, na yeye mwenyewe akauandika kwa nukta. Kisha akafungua ramani, si ile ya bonde. Sauti ya Kizungu ikaanza kututembeza kutoka mjini kwenda Turbo: mahindi pande zote mbili yakikuzuia upepo, malori yakikupita mkono wa kulia, na mahali ardhi inapoanza kushuka ambapo utajua kwa magoti kabla ya kuambiwa. Saa ile mabati yalikuwa yameshika moto hasa. Ilisema kaskazini. Ikasema magharibi. Wateja wawili waliokuwa kwenye ngazi walisimama kusikiliza.

"Imekuwa nzito," Mwalimu alisema.

"Nilikuambia."

"Lakini haichechemei." Akasimamisha sauti. "Fundi, wewe ni mtu wa kuzunguka. Hiyo barabara ya Turbo niliitembea zamani. Bado iko hivyo?"

Nikamwambia kwamba pale ardhi inaposhuka sasa wameweka matuta, na gari likipita utalisikia likipunguza mwendo kabla hujafika.

"Matuta," akasema, na akaanza kuandika. Laptop ilimfuata nyuma kwa herufi kadhaa, kisha ikamfikia.

Watahiniwa walipata ramani zao kwa wakati, matuta yakiwemo. Tangu hapo Mwalimu hunipigia simu kuniuliza habari za mahali: mto fulani unasikika kutoka wapi, kilima cha Ziwa kinapanda ghafla au polepole. Mara nyingi nilimjibu kwa kukisia, nikiwa nimeinama kwenye darubini. Nimemwambia kwamba kuanzia sasa nitakuwa ninaenda kuangalia.